Sufuria ya Katibu

Jirani yangu hapa Rubwera ana mbwa watatu na hana aibu hata moja. Kila asubuhi anabandika mapafu ya ng'ombe kwenye jiko la mkaa, pembeni kabisa ya ukuta wa duka langu, bila chumvi, bila kitunguu, bila mfuniko, halafu anakwenda zake kupiga soga na watu wa bodaboda. Povu la kijivu linapanda, linamwagikia mkaa, linaungua, na moshi wake unaingia moja kwa moja mahali nilipopanga mikate. Nimeshagombana naye hadi watu wa mtaa mzima wakisikia sauti yangu wanaulizana, "Leo ni mapafu tena?" Naye ananijibu kwa upole, kitu kinachoniudhi kuliko mapafu yenyewe: "Dada Koku, harufu haiui mtu."

Hajui huyo. Lakini nyie nitawaambia, maana nyie hamtanicheka, na mkinicheka mtakuwa mbali. Ile harufu ikinifika puani, mimi siko tena Rubwera. Niko jikoni kwa Bibi, Nyakakika, mtoto wa shule ya msingi, nimeshika mwiko unaoteleza kama kambare, na miguuni pangu kuna paka anapiga kelele kama mtu aliyedhulumiwa shamba.

Bibi huyo ni mama yake mama yangu. Mama alikuwa Bukoba anauza vitenge, mimi nikaachwa kijijini nimsaidie Bibi, kwa sababu Bibi alikuwa na ugonjwa wa sukari na hakuwa anaona vizuri vile vistari vidogo kwenye bomba la sindano. Macho yangu ndiyo yalikuwa macho yake. Umeme ulikuwa haujafika kwetu, friji tulikuwa tunaziona kwa watu, kwa hiyo chupa yake ya insulini ilikaa kwenye kichungu kidogo, kichungu kimewekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati kuna mchanga wenye maji. Kazi ya kuulowesha mchanga ilikuwa yangu. Ukikifunua unakutana na ubaridi kama wa kanisani asubuhi, na ile harufu ya dawa, kama plasta mpya uliyoibandua sasa hivi kidoleni. Harufu hiyo mimi sikuichukia. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya Bibi kuwa hai.

Sasa, Katibu.

Katibu alikuwa paka dume, rangi ya tangawizi, ana kichwa kikubwa kama ngumi ya mtu mzima. Jina alipewa na kina mama wa kikundi waliokuwa wanakutana uani kwetu, kwa sababu kila wakikaa kikao yeye anakuja kujipanga mbele kabisa, anakunja mikono, anawatazama mmoja mmoja kama anayeandika kila neno. Panya wa kahawa walimjua. Lakini alikulia kwenye nyumba ya Wanyambo, na nyumba ya Wanyambo hulisha paka kile inachokula yenyewe. Katibu alikuwa anakula ndizi. Ndizi iliyopondwa, imemwagiwa mchuzi wa maharage, asubuhi na jioni. Na watu wakikamua ndizi mbivu za rubisi, ile pombe yetu, wakati ule juisi bado ni tamu haijachacha, yeye alikuwa anaingiza uso mzima kwenye mtumbwi wa kukamulia anakunywa mpaka tumbo linaburuza chini. Tulikuwa tunamcheka. Tuliona ni sifa.

Halafu akaanza kunywa maji kama ng'ombe. Maji ya kuku, maji ya kuoshea vyombo, maji yaliyotuama kwenye alama za kwato. Na yote yakatoka. Nyie, msiombe mkojo wa paka dume. Alikojoa kwenye magunia ya kahawa, akakojoa kwenye majani tuliyotandaza sebuleni, akakojoa ndani ya kiatu changu cha shule, nami nikakivaa. Siku nzima darasani nikawa nanata na kunuka, mwalimu anapita anashika pua, na mimi nimekaza uso kama vile sio mimi. Mwili ukaisha, mgongo ukawa kama msumeno, miguu ya nyuma ikalegea hadi akawa anatembea kwa visigino kama mzee anayetoka chooni.

Bibi ndiye aliyewaona sisimizi. Walikuwa wamejipanga mstari mweusi kutoka mlangoni hadi pale Katibu alipokojoa. Bibi akachuchumaa, akawatazama muda mrefu. "Koku," akasema, "hawa nawajua. Hawa ndio waliokuja kwangu kabla daktari hajajua."

Bwana mifugo alipopita kuchanja mbuzi, Bibi akamvuta jikoni. Kijana wa watu alidhani anatania. Lakini akachukua mashine ya Bibi ya kupimia sukari, akamtoboa Katibu sikioni, akatoa tone, na mashine ikagoma kuandika namba, ikaandika kwamba sukari imepita uwezo wake. Alicheka, akaacha kucheka, akatoka nje kumpigia simu mwalimu wake wa chuoni. Aliporudi akasema hivi: ndizi basi, juisi basi, maziwa basi, paka ni wa nyama na samaki. Na kama Bibi anataka kujaribu, achote kwenye dawa yake mwenyewe, kistari kimoja tu, kile cha kwanza kabisa, asubuhi na jioni. Akanishika bega mimi, maana alishaona nani mwenye macho. "Kwanza ale. Akishakula ndiyo mnamchoma. Asipokula, msimchome. Na siku akilegea akaanza kuyumba baada ya sindano, sukari mdomoni haraka, mpake kwenye fizi. Msimmwagie kooni, atapaliwa. Umesikia?"

Nilisikia. Ndipo kazi yangu ya uchafu ilipoanza.

Mapafu yalikuwa rahisi kwa sababu hakuna aliyeyataka. Mchinjaji alikuwa ananitupia kwenye mfuko kama anayetupa laana. Pafu bichi ukilikamata linahema. Wallahi tena, unalibonyeza linatoa hewa, pssss, na mapovu ya pinki yanakutokea kwenye kidole. Nilikata, nikachanganya na vichwa vya dagaa, nikachemsha bila chumvi, na ule mvuke ulikuwa unakaa kwenye nywele zangu mpaka Jumapili. Halafu sindano. Bibi anamshika Katibu magotini, mimi naiviringisha chupa viganjani taratibu bila kuitikisa, nachota kistari, nakunja ngozi ya shingoni, nachoma. Ngozi yenyewe imeota magamba ya mba. Halafu nafuata nyuma yake hadi akojoe, naweka alama kwa kijiti, narudi baadaye kuangalia. "Sisimizi?" Bibi anauliza kutoka ndani. "Wapo, ila wachache." Siku niliyokuta mkojo mkavu, hakuna hata sisimizi mmoja, nilipiga kigelegele peke yangu nyuma ya choo. Fikirieni mtoto anayepigia mkojo kigelegele.

Na watu, jamani. Watu walitutapikia maneno. Kanisani mama mmoja akamwambia Bibi, "Waitu, dawa ya binadamu unampa paka? Kesho utamletea na rozari." Bibi akajibu, "Rozari anayo, ni wewe unayekosa." Shuleni mtoto mmoja akasema Bibi yangu ni mchawi, anamnyonya paka damu sikioni. Nilimng'ata. Nilimng'ata kwenye bega mpaka nikasikia ladha ya shati. Nilichapwa, na ningemng'ata tena mchana uleule kama angelirudia. Mimi ndivyo nilivyo, mtu wangu ni mtu wangu, hata kama ana mkia.

Lakini aliyenichefua kuliko wote alikuwa Mjomba Deusi, kaka yake mama, mtoto wa kwanza wa Bibi. Alikuwa afisa mpakani kule Murongo. Murongo si mwezini. Pikipiki inakwenda na kurudi jua likiwa bado lipo. Lakini Mjomba alikuwa wa simu: "Mama, nakuja mwisho wa wiki." Bibi anafagia uwanja, anachagua jogoo, anakaa mlangoni na kitenge kipya. Mwisho wa wiki unapita, jogoo anaendelea kuishi. Mimi nilikuwa namchukia mtu yule kwa moyo wangu wote mdogo, na sikuwa hata nakumbuka sura yake vizuri.

Akaja Jumamosi moja, bila simu.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeipua sufuria ya Katibu, ikawekwa kwenye mafiga yaliyozimika ipoe. Bibi alijichoma sindano yake, halafu akasema tumalize na ya Katibu kabisa. Nikamwambia hajala. Akasema, "Huyu tangu azaliwe amewahi kukataa chakula? Kipo pale kinapoa, anakula sasa hivi." Tulikuwa tumeshazoea, nyie, na kuzoea ndiko kunakoharibu. Nikachoma. Na kabla sijalirudisha bomba mahali pake, bodaboda ikanguruma uwanjani.

Mjomba alishuka mwekundu mzima kwa vumbi, isipokuwa meno. Viatu vyenye ncha. Manukato makali ya dukani yaliyochanganyika na jasho, harufu ya maua yaliyooza. Nikasema shikamoo kwa mdomo wa pembeni. Na mkononi, hebu sikieni: kilo mbili za sukari. Anamletea mama yake mgonjwa wa sukari sukari! Ndiyo, najua, kwetu mgeni haji mikono mitupu na sukari ndiyo heshima. Lakini nyumba yetu haikuwa na hata punje moja, mimi mwenyewe nilikuwa nimeifuta humo kama dhambi. Niliupokea ule mfuko kwa vidole viwili, nikaenda kuuficha chini ya tenga la kuku, Bibi asije akauona akajaribiwa.

Bibi alikuwa hana habari na sukari. Alikuwa anaruka kama msichana. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Akachukua panga akaingia migombani mwenyewe kukata mkungu, na mimi nikatumwa nimkamate jogoo. Yule jogoo alikuwa ameponea ahadi nyingi mno, hakutaka kukamatika. Nilimkimbiza hadi kwenye shamba la kahawa, nikaanguka mara kadhaa, nikarudi nimembana kwapani, nimejaa kinyesi chake mkononi.

Nikamkuta Mjomba jikoni. Amekaa kwenye kigoda, suruali ameivuta juu, sufuria ya Katibu ipo katikati ya magoti yake. Anakula.

Mapafu yakitafunwa yanalia, hamjui? Yanalia kama kandambili zenye maji. Alikuwa anachukua kipande, anakitafuna polepole, anameza kwa nguvu, shingo inapanda na kushuka, anakohoa, anachukua kingine. Kichwa cha dagaa kilikuwa kimemganda kwenye ndevu. Jasho linamtoka, anajifuta uso mzima kwa leso, anaingiza mkono tena. Nilijisemea, tazama ulafi. Tazama mtu mzima. Katibu yuko mbele yake analia, analia kwa sauti ile ya haki yake, na Mjomba anamsogeza kwa ncha ya kiatu: "Toka, mwizi we."

Mwizi!

Bibi akaingia na mkungu kichwani. Akaona. Nikasubiri aseme. Yeye ndiye mama, ni mtoto wake aliyemzaa, si angesema? Lakini Bibi alikuwa na misemo yake, na mmoja nilishaulishwa pamoja na uji: mkono ukishaingia kwenye chungu hautolewi. Mgeni akikuta sufuria imeipuliwa, hiyo ni bahati ya mguu wake, ni yake. Humwambii hiki sio chako. Utamwambiaje mtoto wako ambaye hujamwona miaka, amekaa kwako na njaa ya safari, kwamba anakula cha paka? Bibi akautua mkungu taratibu sana. "Kula, mwanangu," akasema.

"Hamtii chumvi, Mama?" Mjomba aliuliza bila kuinua macho.

"Tuliambiwa tuache."

Hata chumvi analalamikia, nikajisemea. Naye akaendelea, akakwangua hadi kwenye chuma, akanywa na ule mchuzi wa kijivu wa chini.

Nikamvuta Bibi upindo wa kitenge. "Bibi, Katibu ameshachomwa..." Akanifinya. Akaninong'oneza nisubiri, tukishamchinja jogoo Katibu atapata maini, na mtu mwenye adabu halishi paka mgeni akitazama. Subiri. Maji yachemke, manyoya yanyonyolewe, ndizi zimenywe. Lakini ile dawa haikujua habari za adabu. Mimi ndiye niliyehesabu sisimizi, mimi ndiye niliyeshikwa bega nikaulizwa umesikia. Nikatoka mbio hadi kwenye kiota cha mtetea, nikampokonya yai huku ananidonoa, nikalipasua mbele ya Katibu nyuma ya nyumba. Ndani mlikuwa na kifaranga nusu, macho meusi, manyoya yenye maji, na harufu ile, mama yangu, ile harufu. Nikasema kula hivyo hivyo, wewe ni paka. Katibu akanusa. Akageuza kichwa pembeni.

Katibu, amekataa.

Akapiga hatua, akayumba kama mlevi wa rubisi, akagonga ukuta, akaanguka ubavu. Miguu ikaanza kupiga hewani. Mate yakamtoka, jicho likabaki wazi linatazama sijui nini.

Nilimbeba nikaingia naye jikoni, nikasimama mbele ya Mjomba Deusi, afisa wa mpakani, mtoto wa kwanza wa Bibi, na nikapiga kelele ambayo nina hakika walisikia hadi ng'ambo ya bonde. "Umekula chakula cha paka! Kile ni cha paka, cha paka, na ameshachomwa sindano ya sukari, na sasa anakufa kwa sababu yako!"

Bibi akaweka mikono kichwani. Mjomba alisimama. Mfuniko ukamwangukia mguuni, ukazunguka, ukazunguka, hakuna aliyeuzuia. "Cha paka?" akauliza. Taratibu hivyo, kama mtu anayeulizia njia. "Mama, kile kilikuwa cha paka?"

"Cha paka, mwanangu. Nisamehe."

"Sukari!" nikapiga kelele, halafu nikakumbuka kwamba nyumba haina sukari, halafu nikakumbuka tenga la kuku. Nikamtupia Mjomba yule paka kifuani kama furushi, nikakimbia. Mfuko niliupasua kwa meno. Nikachota kiganja kizima, nikatia maji kidogo, nikarudi. Mjomba alikuwa amekaa chini kwenye majivu, viatu vyake na vyote, amempakata Katibu kama mtoto mchanga anayebatizwa. Nikamwambia afunue mdomo. Akafunua. Nikapaka fizi, juu, chini, ndani ya shavu, nikapaka tena, vidole vyangu vikiwa na kinyesi cha jogoo na ute wa yai bovu na sasa asali ya sukari. Katibu akajikojolea, mkojo wote, kwenye suruali ya Mjomba, ukatitirika hadi kwenye soksi. Mjomba hakusogea.

Tulikaa hivyo muda wa misa. Bibi anasali kwa Kinyambo, mimi napaka, Mjomba ameshika. Halafu ulimi ukatoka, kidogo, kama unaouliza. Ukalamba. Ukalamba tena. Katibu akainua kile kichwa chake cha ngumi, akamtazama Mjomba usoni, akatoa sauti mbaya sana, sauti ya malalamiko, na mimi nikaanza kulia.

Mjomba akanirudishia paka, akanyanyuka, akatoka nje. Nilimwona kupitia mlango wa nyuma: amesimama migombani, mkono mmoja ameegemea mgomba, kichwa chini, mabega yanamruka. Nikajua anatapika. Nikafurahi, siwafichi. Nilisema moyoni, tapika, tapika yote, hadi kile kichwa cha dagaa cha kwenye ndevu. Aliporudi alikuwa amenawa uso, macho mekundu. Sisimizi walikuwa wameshaanza kumpanda mguuni.

Jogoo alichinjwa. Na Bibi, ambaye aliheshimu ugeni kuliko Kwaresma, alichukua maini na firigisi, akamwekea Katibu kwanza, pale katikati, mbele ya mgeni, akamtazama anavyokula mpaka mwisho. Ndipo akatupakulia. Tangu siku hiyo kwetu paka ndiye aliyekula wa kwanza, hata padri akiwepo. Na sindano haikutangulia tena chakula.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba Mjomba akaanza kuja. Hakupiga tena simu za mwisho wa wiki, alitokea tu. Hakuleta sukari tena. Aliletwa na bodaboda, mkononi mfuko mweusi unaovuja damu, mapafu ya Murongo, makubwa kuliko ya kwetu. Nilidhani anaogopa mdomo wangu. Nilitembea kijijini kifua mbele miaka mingi kwa kudhani hivyo. Katibu alizeeka vizuri tu, akafa amelala juani na kikao kikiendelea. Bibi naye, baadaye sana, akatuacha. Mimi nikaja Rubwera, nikafungua duka, na yote ninayowaambia wateja wangu kuhusu sukari nilijifundisha kwenye vile vikaratasi vilivyokunjwa ndani ya boksi za dawa ya Bibi.

Sasa juzi Mjomba Deusi alikuja dukani. Amestaafu, ametoka kufuatilia mambo yake wilayani, akakaa kwenye kreti la soda nikamfungulia moja, baridi. Tukapiga soga. Na jirani yangu, mwana wa laana, akabandika.

Ile harufu ikaingia. Nikaanza kunyanyuka ili nikagombane. Nikaona Mjomba ameishusha chupa. Pua juu, kama mtu anayesikiliza mtu akiitwa mbali.

"Koku," akasema. "Ile siku migombani, wewe unadhani nilikuwa nafanya nini?"

"Si ulikuwa unatapika, Mjomba."

"Nilikuwa nalia." Akacheka kidogo. "Walikuwa wameniambia mama ana masharti, hali chumvi, hali mafuta. Nikaingia jikoni kwake, jikoni kwa mama yangu, nikafunua sufuria, nikakuta vile. Nikajua ndicho anachokula. Mimi niko Murongo nakula nyama choma, mama yangu anakula mapafu na vichwa vya dagaa. Nikajiambia, Deusi, kama yeye anakila kila siku, wewe kitakushinda siku moja? Nikala. Kila nikimeza nasema, hiki mama amekimeza. Sikutaka kibaki, asije akakila tena jioni." Akajifuta uso, kwa leso, kwa namna ileile. "Halafu wewe mtoto ukaja kunipigia kelele kwamba ni cha paka. Koku, sijawahi kusikia neno tamu kama hilo. Cha paka! Nilikwenda migombani kumshukuru Mungu."

Nikarudi kukaa, jirani nikamsahau. Watu wanaonijua wangekuja kunipima homa.

Leso ile mimi niliiona. Niliona uso unafutwa nikasema jasho la ulafi. Nilimwona anavyomeza kwa kujilazimisha, shingo ikipanda na kushuka, na kwa sababu nilikuwa nimeshaamua yeye ni nani, macho yangu mazuri ya kuona vistari hayakuona kitu. Bibi alikuwa amefunga mdomo asimwaibishe mtoto wake. Mtoto alikuwa anatafuna kinyaa ili asimwaibishe mama. Wawili hao, wamekaa jikoni moja, kila mmoja anammezea mwenzake, na paka wa watu anakufa katikati yao. Siombi radhi kwa kelele zangu, na ningezipiga leo tena, kwa nguvu zaidi. Ila miaka yote hii nimebeba chuki ya sufuria ile, kumbe ndani yake kulikuwa na mtu aliyempenda Bibi kama nilivyompenda mimi, kwa kinyaa kilekile.

"Hata huyu hatii chumvi," Mjomba akasema, akielekeza kidevu ukutani.

Nikachukua pakiti ya chumvi pale rafuni, nikaipasua kwa meno, nikatoka nje. Jirani alikuwa anarudi, akanikuta nimeinama juu ya sufuria yake, nimebana pua kwa mkono mmoja na mwingine ninanyunyiza.

"Dada Koku! Hicho ni cha mbwa!"

"Najua," nikamwambia. "Leo nyamaza tu."